Kangaga la Anti Fumie

Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko ya mchana, nilikimbia mboga. Sisemi kwa mafumbo. Niliingia katika duka la vyakula vya Kijapani hapa Plano, Texas, nyuma ya majengo ya ofisi tunamoshinda, nikitafuta siki ya mchele ambayo binti yangu alikuwa ameniagiza, nikamkuta mwanamke mwenye glavu za plastiki akiwaonjesha wateja tambi zenye mboga za milimani. Alipofunua chombo, mvuke ukanijia usoni: harufu ya jani bichi lililolowekwa katika maji ya majivu, harufu ya jiko la kuni lililonyeshewa. "Ni za majira haya tu," akaniambia, akininyooshea kijiti. Nikaweka kikapu changu sakafuni, katikati ya njia, nikatoka nje, nikaketi garini nimeshika usukani kwa mikono miwili ilhali injini imezimwa. Nina miaka arobaini na saba, nina shahada mbili, na cheo cha kazi ambacho hata mimi siwezi kukieleza vizuri. Jioni nilipomsimulia binti yangu, alinitazama juu ya simu yake kwa huruma wanayotuonea watoto wetu waliozaliwa huku. "Mom," akasema, "it's just a plant."

Ni jani tu, kweli. Lakini sisi tuliolelewa na bibi kisha tukapandishwa ndege tunajua kwamba mtoto huhama na akili ya nyumbani, huitumia hukohuko alikofika, na mara nyingi haimtoshi.

Miaka yangu ya mwanzo nililelewa na Kukhu, bibi mzaa mama, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kenya. Huko juu chakula kilifuata mvua. Palikuwa na wakati wa uyoga, wakati wa kumbikumbi, na wakati wa malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo wanaume walishuka nayo kutoka msituni, yakakaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, na wakati wa kula nyumba nzima ikanyamaza. Tulikula karibu kila kitu ambacho mlima ulitoa. Kitu kimoja tu hakikuguswa: kangaga, jani la porini ambalo likichipuka hujikunja kichwa kama ngumi ya mtoto mchanga. Kukhu alilichukia jinsi mtu anavyomchukia jirani. "Hilo si la mtu wala la mnyama," alikuwa akisema, na kila kiangazi, nyasi zilipopungua, tuliwekwa zamu kuhakikisha ng'ombe hawaliendei.

Ng'ombe wetu Maua aliliendea katika zamu yangu. Nilikuwa nikijenga nyumba ya vijiti, na nilipoinua kichwa alikuwa ndani ya kangaga hadi magotini, anatafuna kwa utulivu. Nilimfukuza, na sikumwambia mtu. Sijui aliliendea mara ngapi nyingine bila kuonekana. Baada ya muda akaanza kukataa majani mazuri. Akawa anasimama peke yake kichwa kimeinama, analala mchana, na asubuhi moja nikauona mkojo wake: mwekundu kama maji yaliyooshewa nyama. Kukhu alitazama mara moja tu. "Kangaga," akasema. Hakumwita daktari wa mifugo. Alimwita mwenye kisu.

Muda mfupi baadaye Mama na mimi tulimfuata Baba Houston, alikokuwa akisomea uhandisi. Nilikuwa na miaka minane. Tulipanga mtaa wa Sharpstown, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo bwawa lake la kuogelea lilikuwa limejazwa udongo na kuchomekwa maua ya plastiki. Baba alishinda maabara, akirudi nyumbani kama mgeni mwenye adabu. Mama alipata kazi ng'ambo ya barabara, katika safu ya maduka, kati ya dobi wa mashine na fundi wa viatu. Hapo palikuwa na duka la vyakula la Anti Fumie.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye aproni na viatu vya mpira, wa umri nilio nao sasa, ingawa wakati ule nilimhesabu miongoni mwa wazee wa kale. Alitoka kijiji cha milimani huko Japani, ambako dada yake bado aliendesha duka la familia. Katika duka hilo, alitueleza, kilichouzwa ni kile ambacho majirani waliteremka nacho wiki ile: theluji ikiyeyuka, vichipukizi vichungu vinavyotangulia kuamka ardhini, kisha mianzi, kisha kangaga; joto likija, plamu za kutiwa chumvi; mvua za mwisho wa mwaka zikinyesha, uyoga na matunda yaliyomenywa na kuning'inizwa kwa uzi mpaka yatoe sukari yake, na baridi ikikaza, figili nyeupe ndefu, zilizokandamizwa kwa jiwe ndani ya pipa. Anti Fumie aliliendesha duka la Houston kwa kalenda hiyohiyo. Houston ina majira mawili, joto na joto zaidi, lakini hilo halikumhusu. "Theluji imeanza kuyeyuka," alikuwa akitutangazia, huku sisi tunajipepea na kadibodi.

Yeye na Mama walizungumza Kiingereza ambacho wote wawili walikuwa wamekiazima, na kwa sababu hiyo hawakupoteza maneno. Baada ya shule nilikaa nyuma ya duka, juu ya gunia la mchele, nikifanya hesabu na kuwasikiliza, Mama akiitwa Rosa kwa heshima ya Kijapani.

"Rosa-san, chumvi."

"Imetosha."

"Ongeza."

"Imetosha, dada."

Sauti ya Anti Fumie akionja. "Imetosha."

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, Anti Fumie alitupakia kwenye gari lake tukaelekea kaskazini, mpaka nyumba zikaisha na misonobari ikaanza. Akaegesha kando ya barabara, akashika kikapu, akaingia msituni na kofia yake ya majani. Nikasikia akipiga kelele. Nilidhani ni nyoka. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti mbele ya kangaga, uwanja mzima wa kangaga, ngumi ndogo za kijani zikitokeza kila mahali kati ya sindano kavu za misonobari. Alikuwa anacheka na macho yana machozi.

"Mama," nikasema kwa Kiswahili, ili tuelewane sisi wawili, "hilo ni kangaga."

"Naliona."

"Lilimuua Maua."

"Maua alikula bichi," Mama akasema, akiinama kuchuma. "Maua hakuwa na sufuria."

Dukani nikaona walivyofanya. Anti Fumie alilipanga kangaga ndani ya beseni pana, akachukua kopo la majivu ya kuni na kulinyunyizia, akamimina maji yaliyochemka, akafunika. Mama alipoona majivu aliweka kisu chini. Kwetu pia majivu hupika: hukaushwa maganda ya maharage, yakachomwa, majivu yakachujwa kwa maji, na maji hayo ndiyo munyu, unaolainisha mboga ngumu na kuiondolea ukali. Mama alijaribu kueleza hayo yote kwa Kiingereza na mikono. Anti Fumie alielewa kabla Mama hajafika nusu. Wakashikana mabega wakicheka kama wanafunzi wa bweni waliogundua kwamba wanatoka tarafa moja. Siku iliyofuata beseni lilipofunuliwa, maji yalikuwa ya kijani yenye weusi, na harufu ile ikajaa duka. Kangaga likaoshwa mara nyingi, likawekwa bakulini na sosi ya soya. Anti Fumie akampa Mama. Mama akala.

Nilimtazama akitafuna kwa utulivu.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Mama hakuonja tu akaacha, alilipenda. Alikula bakuli kila siku, na Anti Fumie alimwekea la kubeba nyumbani. Na mimi, mwenye uzoefu wa zamu, nikaanza kuona dalili. Mama alikataa ugali. Harufu ya samaki ilimkimbiza. Alilala mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alisimama peke yake dirishani, kichwa kimeinama. Asubuhi nilimsikia akitapika huku amefungua bomba ili nisisikie. Msomaji mwenzangu, wewe umeshajua. Mimi nilikuwa na miaka minane, na elimu yangu yote ya tiba ilitoka kwa ng'ombe mmoja.

Nikaanza kulinda choo. Mama akiingia nami nasimama nje ya mlango.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Unataka nini?"

"Mama, mkojo wako una rangi gani?"

"Nekesa," sauti ikatoka, "nikifungua huu mlango nikukute hapo, utaijua rangi ya mwiko."

Nilimwendea Baba, ambaye alikuwa kaketi kati ya vitabu viwili vilivyofunguliwa.

"Baba, Mama anakula sumu."

"Sumu gani?"

"Ya ng'ombe."

"Mama yako si ng'ombe," Baba akasema, akafungua ukurasa. Lakini nikamwona akitabasamu peke yake, na hilo lilinitisha zaidi. Niliona ni mtu ambaye hajui kinachoendelea nyumbani kwake. Nikabaki zamu peke yangu. Nilimwaga bakuli moja sinkini, likaletwa jingine. Kanisani, mchungaji alipouliza nani ana ombi, niliinua mkono, na Mama akaushusha.

Alasiri moja nilirudi shuleni nikamkuta Mama nyumbani, saa ambazo alipaswa kuwa kazini. Mlango wa choo ulikuwa wazi nusu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa bafu, uso una rangi ya majivu, na maji ya chooni yalikuwa mekundu.

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichohisi na kila mara natoa uongo. Nitasema tu kwamba sikushangaa.

"Usiingie," Mama akasema. "Piga simu dukani. Mwambie Anti aje. Sasa hivi."

Simu ilikuwa ukutani jikoni. Namba niliijua kwa kichwa. Nilisimama nimeshika kipokezi, na hapo nilifanya jambo ambalo limenifuata tangu siku ile: nilichelewa. Si sana, labda muda wa kuhesabu mpaka hamsini, lakini nilichelewa, kwa sababu nilikuwa nikiambiwa nimwite mtu yuleyule aliyeleta jani. Mama akaniita mara ya pili, na sauti yake haikuwa ya kuamuru tena. Nikabonyeza namba. Anti Fumie akaitika kwa jina la duka. Sikusema njoo. Sikusema tafadhali. Nilipiga kelele, "Umemuua mama yangu! Jani lako limemuua!"

Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha simu ikakatika.

Alifika na aproni yake, viatu vyake vya mpira na mkono mmoja ukiwa bado na maganda ya figili. Duka aliliacha wazi. Alinipita bila kusema neno, akaingia chooni, nikasikia wanaongea kwa sauti ya chini, kila mmoja kwa lugha yake mwenyewe, na kila mmoja anajibu. Akamfunga Mama shuka kiunoni, akamteremsha ngazi akiwa karibu ambebe, ingawa Mama alimzidi kichwa kizima. Nilikaa kiti cha nyuma. Sikuondoa macho kwenye kisogo cha Anti Fumie njia nzima, nikimlinda asifanye lingine.

Hospitalini Mama alipelekwa ndani. Anti Fumie naye aliitwa ndani, akakaa huko muda mrefu. Nilibaki kwenye korido na muuguzi aliyenipa juisi ambayo sikuifungua, maana nilikuwa nimeacha kuamini vitu vinavyotolewa bure. Hatimaye mlango ukafunguka, Anti Fumie akatoka. Nilihama viti viwili mbali naye. Hakukaa. Alikuja akasimama mbele yangu, akaweka mikono mapajani, akainama mpaka nikaona mstari mweupe uliogawa nywele zake.

"Ni kangaga langu," akasema. "Ni kosa langu. Samahani sana, Nekesa-san."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba msamaha. Kwetu, mtu mzima akipiga kikombe teke, kosa ni la kikombe. Sikujua la kufanya, nikashika ukali.

"Mama atakufa?"

"Hatakufa. Nimemwona. Hatakufa."

"Hutapika tena lile jani?"

"Sitapika tena."

"Hata kwa wateja?"

Alikuwa bado ameinama. "Hata kwa wateja."

Mama alirudi nyumbani baada ya siku mbili, amekonda, anatembea akishika ukuta. Baba alikaa naye wiki nzima bila kugusa kitabu, akapika ugali mgumu kama saruji, na hakuna aliyenieleza chochote. Sikuhitaji maelezo. Nilikuwa na maelezo yangu, na yalikuwa yamethibitishwa na mhusika mwenyewe.

Tulikaa Houston miaka miwili zaidi. Mama alirudi dukani, na mimi nikarudi juu ya gunia la mchele, lakini sasa kama mkaguzi wa afya. Nilikagua mabeseni. Nikiingia kila alasiri Anti Fumie alikuwa akinisalimu kwa kuinama kidogo, kisha, bila kuombwa, anafunua vifuniko kimoja kimoja ili nione: figili, plamu, mianzi. Nikiridhika niliitikia kwa kichwa, naye anafunika. Majira ya kangaga yalipofika, wake za Wajapani waliohamishiwa Houston kikazi walikuja kutoka mbali kuliulizia. Nilikaa nikimtazama. "Mwaka huu hakuna," alikuwa akiwaambia. Mwaka uliofuata pia: hakuna. Mmoja wao alimwambia jambo refu kwa Kijapani, na nikaona masikio ya Anti Fumie yakiwa mekundu. Nilifurahi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, kwa utaratibu na bila haraka. Siku ya kuondoka kurudi Kenya alikuja uwanja wa ndege, nami nilimpa mkono kwa sababu Mama alinifinya mgongoni.

Nilikuwa chuo kikuu, nimejaa nadharia, ndipo siku moja kwenye foleni ya chakula nikajumlisha: kutapika, usingizi, ugali uliokataliwa, Baba akitabasamu peke yake. Sinia ikanitoka mkononi. Sikumuuliza Mama. Watu wa nyumba yetu hatuulizani mambo hayo. Lakini swali jingine lilianza siku hiyo na halikuondoka, hata nilipoolewa, hata niliporudi Texas na watoto wangu, hata nilipopata habari kwamba Anti Fumie alishafariki na duka sasa linauza simu. Je, aliniamini? Mtu hainami hivyo kwa mzaha. Kama aliniamini, basi mtoto wa miaka minane alimpigia simu mwanamke asiye na hatia akamwambia kwamba ameua, na yeye akalibeba hilo, akaacha kupika chakula cha kwao, akaenda nalo kaburini. Ninaweza kuamka nimekosa hewa kwa sababu ya jambo hilo. Mume wangu hudhani ni presha.

Ndiyo sababu nilikimbia mboga Plano. Na ndiyo sababu Jumamosi iliyofuata niliendesha gari mpaka DeSoto, ambako Mama anaishi na mdogo wangu, yule aliyezaliwa tuliporudi nyumbani. Nilimkuta nyuma ya nyumba akianua shuka. Kamati ya mtaa imemwandikia barua tatu kwamba hairuhusiwi kuanika nguo nje. Anazihifadhi pamoja na barua za kanisa.

"Mama," nikasema, kabla ujasiri haujapoa, "Anti Fumie alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba halikuwa kangaga."

Mama alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka, cheko fupi la puani. "Nani alijua kabla yake? Hata baba yako alijua baadaye. Yeye ndiye aliyenishika mkono kule dukani akaniuliza, miezi mingapi? Unafikiri alikuwa akinipikia lile jani kwa nini? Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinakaa tumboni."

"Sasa mbona aliniomba msamaha?"

Akatoa kibanio kimoja, akakitia mfukoni. Akatoa kingine.

"Kule hospitali nililia sana," akasema. "Nikamwambia, nitamweleza nini yule mtoto? Mimi mwenyewe sijaelezwa. Wanasema hutokea tu. Utamwambia mtoto hutokea tu? Atalala vipi, kama mambo hutokea tu? Fumie akasema, tayari ana jibu lake. Mwache nalo. Lawama aniwekee mimi."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilikuwa na nguvu ya kukataa?"

"Aliacha kulipika, Mama. Miaka yote ile. Na mimi nilimchukia."

"Alikuwa amekuahidi. Na kuchukiwa alikujua. Alikuwa akiniambia, leo amekagua mpaka pipa la mwisho." Akacheka tena, akajifuta jicho kwa kona ya shuka. "Alikupenda sana, yule."

Upepo uliinua shuka kati yetu, ukalishusha. Nikauliza swali ambalo kwa miaka yote sikuwa hata nimelifikiria, nikiwa nimeshughulika na makosa yangu mwenyewe.

"Na wewe ulimlaumu nani?"

Mama hakugeuka. Alilivuta shuka kutoka kwenye kamba, akalikung'uta.

"Siku zile," akasema, "ulikuwa unalala?"

Nikafikiri. Nilikuwa nalala. Nililala kama gunia, mdomo wazi, kila usiku wa miaka ile miwili, nikiwa na adui mmoja tu duniani, anayejulikana, ng'ambo ya barabara.

"Nilikuwa nalala, Mama."

"Haya," akasema, akanipa pembe mbili za shuka. "Shika huko, tukunje."